Mshubiri wa Mama

Kila nikikata jani la mshubiri, harufu yake chungu hunichekesha peke yangu.

Akida wa Wajerumani alimchapa baba viboko, kisha akang'oa tangawizi yote ya mama pale mlimani ili tupande pamba. Mvua zilipoanza, kikohozi kikambana, akaja kwetu kuomba dawa.

“Tangawizi uliing'oa, bwana,” mama alisema kwa adabu. “Umebaki mshubiri.”

Akamkamulia bakuli zima. Nilimpelekea mimi, nikapiga goti. Alikunywa, akakimbilia migombani, akachutama huko mpaka jioni.

“Ndiyo dawa ya kikohozi, mama?”

“Ni ya kuachisha ziwa,” alisema akinawa mikono. “Wewe nilikupakia kwenye titi, ukaacha siku ileile. Na huyu naye katunyonya vya kutosha.”