Kibao cha Kona ya Korongoni

Wifi yangu kazini wanamwita Nguzo. Mwenyewe hana neno, anasema bora Nguzo kuliko Mama Zege, jina walilonibandika mimi. Kazi yetu ni moja: madereva wakigonga vibao vya barabarani na kutokomea, sisi ndio tunaofuata na koleo, saruji na timazi. Mimi nakoroga, yeye anasimamisha. Nguzo ikiinama hata kidogo, anaing'oa tuanze upya. Jamani, kuna siku natamani kumpiga na koleo!

Basi asubuhi moja tukaitwa kwenye kona ya korongoni. Mtu kapita usiku, kalaza kibao cha kona kali, kabomoa na kingo ya chuma, kakanyaga mafuta kaenda zake. Kibao kilikuwa kimelala upande lakini mishale yake bado ilionekana. Sisi, kwa mazoea yetu, tukakikata vipande kienee kwenye pikapu, ndipo tukapiga simu stoo tuletewe kipya.

"Vimeisha," akajibu mtunza stoo. "Labda kesho."

Cha zamani tumekikatakata, kipya hakuna, na mvua ndiyo kwanza inaanza. Anayetoka juu haoni kitu mpaka awe ameshafika ukingoni.

Dereva wetu akawasha pikapu, akasema twende turudi kesho. Wifi akachukua kitambaa chekundu, akapanda mpaka pale barabara inapoanza kushuka.

"Nyinyi nendeni," akasema. "Mtu akitumbukia leo, tumemtumbukiza sisi."

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu!" nikafoka. "Kaka yangu akisikia nimekuacha hapa peke yako, nitaingia nyumba gani?"

Dereva akaenda kutafuta kibao kwenye stoo nyingine. Mimi nikabaki. Wifi akawa anapunga kitambaa, mimi nanung'unika, sote tumelowa chapachapa. Magari yakawa yanapunguza mwendo. Wengine walitupigia honi, mmoja akauliza tunauza nini.

Mchana gari dogo la bluu likaja mbio. Wifi akapunga kwa mikono miwili. Breki zikalia, gari likampita likiteleza, likasimama pua ikiwa pale pale kingo ilipobomolewa. Tukalikimbilia.

Mwenye gari akashusha kioo, amefura kwa hasira.

"Mama, mtaua watu! Kona kali namna hii hamjaweka hata kibao?"

Nikatazama bampa lake. Limepasuka, na rangi nyekundu ya vibao vyetu imelichafua upande mzima. Damu ikanichemka. Wifi akanishika mkono kabla sijafungua mdomo, akainama dirishani. Kiti cha nyuma watoto wawili walikuwa wamelala, vichwa vimeegemeana.

"Kilikuwepo, baba," akasema. "Kimegongwa jana usiku."

Yule baba akatazama shimo la nguzo, akatazama korongo mbele yake, halafu akageuka akawatazama wanawe.

"Nilidhani ni bati tu," akasema.

"Rudi nyuma taratibu," wifi akamwambia. "Usiwaamshe."