Bunduki ya Kijiji na Mafuta ya Bibi

Juzi, katika duka moja la Zinga, muuzaji alimwaga mafuta ya taa karibu na chupa za mafuta ya nazi. Harufu ile ilinirudisha barazani kwa babu.

Alikuwa ameilaza mkekani bunduki kuukuu ya kijiji, aliyokabidhiwa miaka mingi nyuma kufukuzia nguruwe mashambani. Chuma alikisugua kwa kipande cha kanga kilicholowa mafuta ya taa. Kitako cha mbao alikipaka mafuta ya nazi ya bibi, na palipochubuka akapaka rangi ya viatu.

“Hebu tazama, mjukuu wangu. Kutu ipo bado?”

Nilimshika kidole, nikakiweka penye kutu. Nilidhani ananipima kama mwalimu, nikajiona hodari.

Bibi aliona chupa yake imebaki nusu. “Yaani kitu unakirudisha ofisini kesho, unakipamba kama bibi harusi?”

“Chombo cha watu hakirudi kichafu,” babu alijibu.

Nilimwuliza kwa nini anairudisha. “Nguruwe wamekwisha,” akasema.

Siku mbili baada ya kuirudisha, nguruwe walifukua mihogo yetu yote ya nyuma ya nyumba. Nilikimbia kumwambia babu, nikifurahi kwamba amekosea: nguruwe hawajaisha! Leo najua kilichokwisha ni macho yake. Siku ile alicheka tu, akapapasa hewani hadi akakipata kichwa changu.

“Lakini iling’aa, eti?”

“Iling’aa, babu.”