Siku Baba Mkwe Alipobanwa na Mkojo

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa ni ya zamani, enzi nina miaka thelathini na naweza kubeba gunia la mpunga peke yangu. Nilikuwa seremala hapa Majengo. Baba mkwe wangu, Mzee Masanja, alikuja asubuhi kutoka kijijini kwake Mwamkulu kututembelea, akanikuta peke yangu. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni.

Unajua sisi Wasukuma na wakwe zetu. Baba mkwe humtazami usoni, sembuse kuongea naye habari za maungo. Basi nikamwona anaenda chooni, anarudi, anaenda tena. Mwishowe akashika nguzo ya kibanda changu cha kazi, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ndogo:

"Mkwe, mkojo hautoki. Tangu jana."

Nikafanya nini? Nikainamisha macho, nikaendelea kupiga randa. Nilijiambia mke wangu akirudi ataita kaka zake, wao ndio wa kuongea naye. Nilipiga randa mpaka saa nane mchana, mke hajarudi, mwanangu! Mzee alipoanguka magoti, tumbo limemkaza kama ngoma, ndipo nikakimbia kutafuta gari.

Hospitali walimpitishia mpira kwenye njia ya mkojo, mkojo ukajaza mfuko. Mzee alilia kwa nafuu. Daktari, mama mmoja mpole, akatueleza kwamba wanaume wakizeeka tezi dume huvimba, ikabana njia ya mkojo. Akampima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, akachukua damu, hakuona dalili ya saratani. Akamwanzishia vidonge vya kulegeza njia. Mpira ulipotolewa baada ya siku chache, mkojo ukagoma tena. Ukabaki upasuaji.

Hapo ndugu wakaja juu. Mmoja alileta mizizi, mwingine akanong'ona kwamba ukikatwa pale wewe si mwanaume tena. Mzee akamuuliza daktari mbele yetu wote.

"Baba, tunapunguza tezi, hatuondoi uanaume," akajibu. "Yapo ya chumbani yanayoweza kubadilika, nitakueleza wewe na mama kabla hujakubali."

Wakaelezwa, wakakubali. Mzee akatuambia, "Hiyo mizizi irudisheni ilikotoka."

Siku ya kutoa mpira baada ya upasuaji, tulisimama nje ya choo cha wodi, mimi, mama mkwe na mashemeji. Tukatega masikio. Halafu tukasikia kama mvua inapiga bati.

"Mkwe!" Mzee akapaza sauti. "Unasikia?"

"Nasikia, baba!"

Mama mkwe akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia, hata mgonjwa mwenye mguu ulioning'inizwa akapiga makofi. Mzee akatoka ananyoosha mikono kama aliyeshinda mashindano ya ngoma.

Tuliporudi nyumbani akaniita. "Nilikuambia asubuhi, ukanipeleka saa nane. Heshima gani hiyo ya kumwacha mtu afe? Ukiniheshimu, niulize naumwa wapi." Aliishi miaka mingi baadaye, akalima, akacheza harusi ya binti yangu mpaka vijana wakakaa chini.

Mwaka juzi zamu ikanifikia, mkojo ukawa wa kukatikakatika. Sikungoja hata wiki. Mimi vidonge vimenitosha, naendelea kupimwa. Rafiki yangu wa Katumba yeye alifanyiwa upasuaji wa siku hizi, chombo kinapita njia ya mkojo bila kupasua tumbo, na sasa anaimba besi kwenye kwaya yao ibada nzima bila kutoka.

Kwa hiyo nyie vijana, sikieni. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Baba akianza kwenda chooni kila mara, muulize. Mkojo ukifunga kabisa, msingoje kikao cha ukoo, mpelekeni saa hiyo hiyo. Dawa zipo za namna nyingi, lakini kila mtu na yake, na anayejua ni daktari aliyempima. Wewe nawe nywele zikianza kuwa nyeupe, kapime.

Nenda mwanangu, Mungu akupe miaka mingi yenye nguvu, na wazee wako wawashike wajukuu wa wajukuu zao.