Kondoo Chotara Alipozaa

Nilirudi nyumbani na digrii yangu ya mifugo, na siku ya pili nikamwona kondoo wetu chotara akijisugua kwenye miiba ya boma. Baba yake alikuwa dume kutoka shamba la Mzungu kule milimani. Manyoya ya ubavuni yalikuwa yametoka, na nilipomkuna mgongo alichezesha midomo kama anayetafuna hewa. Nilimkagua mara nne nikitafuta kupe au upele. Niliomba nivipate.

Sikuvipata. Chuoni tulifundishwa ugonjwa wenye dalili hizo. Hauna dawa, hujificha mwilini miaka, na mama mgonjwa akizaa, kondo lake la nyuma huambukiza wanakondoo, labda hata udongo.

Na sisi wakati huo wa vita vya Shifta tulikuwa tumekusanywa na askari wa serikali kambini karibu na Kinna, kondoo wa familia nyingi wakizalia ndani ya ua mmoja. Ningetamka ugonjwa, askari wangepiga risasi kundi lote. Walishawafanyia hivyo ngamia wa watu kwa sababu ndogo zaidi. Mama angebaki mikono mitupu. Na je, kama nimekosea?

Chotara alizaa asubuhi moja. Mwanawe alitoka amekufa. Nikachukua jembe, nikalizika kondo upesi nyuma ya kibanda.

"Wewe msomi! Unaficha bunduki?"

Askari alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni kondo la nyuma tu, afande. La kondoo."

"Fukua."

Nilifukua kwa mikono. Akaligeuza kwa mtutu, akatema mate. "Umesoma miaka yote hiyo uje kuzika uchafu!" Akasogea hatua chache, akawasha sigara.

Hapo mama akaja na jirani yetu mjane, aliyepakata mwanakondoo jike. Mama yake mwanakondoo huyo alikuwa amekufa usiku. Kwetu, yatima hupakwa kondo la kondoo aliyefiwa, ili amnuse amdhanie wake, amnyonyeshe.

"Bahati yetu, bado halijakauka," mama akasema, akainama.

"Mama, usimpake hilo."

"Kwa nini?"

Mjane alinitazama. Askari naye akageuka.

"Lina... lina mchanga."

"Msikie! Kwani wewe ulizaliwa umevaa suti?" mama akasema.

Mjane alicheka mpaka akajifuta machozi. Mama alimpaka mwanakondoo kichwani, mgongoni, mpaka mkiani. Chotara akamnusa, akamlamba, akamwacha anyonye. Mimi nilikuwa nahesabu kimyakimya: kundi la mjane, kisha la anayepakana naye, kisha la anayefuata, miaka miwili, mitatu, hakuna atakayekumbuka asubuhi hii.

Mjane alinishika mkono wenye udongo. "Ungeliacha shimoni, huyu wangu angekufa. Mungu akulipe, mwanangu, kwa kulifukua."

Nikaitikia amina.