Picha Niliyompiga Marehemu

Dakika nne baada ya kutuma ile picha, simu yangu ililia. Mwanamke akaniuliza, sauti inatetemeka:

"Wewe ni nani? Na kwa nini unanichezea na marehemu baba yangu?"

Saa tisa alasiri. Jua kali, watu wamejaa. Nilikuwa na akili zangu zote.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Jui-ting, nina saluni ndogo Taipei. Mchumba wangu aliniacha kwa ujumbe wa mistari miwili, nikafunga saluni, nikaingia kwenye gari langu bovu na kuizunguka Taiwan yote peke yangu. Siku kumi. Kisiwa kizima na sikutaka kuongea na mtu.

Siku ya kumi, zimebaki kama saa tatu nifike nyumbani, nikasimama juu ya miamba, kaskazini mwa mji wa Hualien. Mlima pale umekatika ghafla, na chini kabisa bahari ina rangi mbili, kijani halafu buluu, kama mtu kachora mstari.

Nikanunua yai la chai, lile linalochemshwa kwenye majani ya chai, kwa Mama Chiu, mwenye kibanda. Ndipo akaja mzee mmoja. Kofia imefifia, kandambili miguuni. Nikampa yai langu, akaanza kulila.

"Binti, simu yangu imekufa. Nipige picha moja, umtumie mwanangu. Namba yake ninayo kichwani."

Akasimama mbele ya ukuta mfupi wa ukingoni, bahari mgongoni. Hakutabasamu hata kidogo.

"Niandike nini, Mzee?"

"Usiandike kitu."

Nikatuma. Basi la watalii likaingia, likamwaga watu kama hamsini. Kugeuka, mzee hayupo.

Halafu ndiyo ile simu.

"Dada, samahani," nikamwambia yule mwanamke. "Mzee mwenyewe ndiye kaniomba, sasa hivi."

"Baba yangu alikufa hapo hapo! Miaka mitatu leo. Viatu vyake vilikutwa juu ya huo ukuta. Mwili haukuonekana." Akaanza kulia. "Nina mimba ya miezi saba. Usinifanyie hivi."

Akakata.

Mwili ulinisisimka mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Maana huo ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda yetu, mwezi ambao mizimu hufunguliwa mlango. Bibi yangu hakuturuhusu hata kuanika nguo usiku.

Nikakimbilia kibandani. "Mama Chiu, yule mzee niliyempiga picha kaenda wapi?"

"Mzee gani? Mimi nilikuona unapiga picha bahari."

"Alikuwa pale! Kofia, kandambili!"

Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe binti nawe. Mwezi huu unapigaje picha watu usiowajua? Wenzio hata kuitika jina hawaitiki."

"Lakini alikuwa anakula yai!"

"Mwezi huu wanakula kuliko sisi."

Nikafungua picha. Mzee yupo. Ananitazama. Macho yale, jamani, yalikuwa ya mtu anayesubiri kuhukumiwa.

Niliingia garini, nikawasha. Naapa, mguu ulikuwa tayari kwenye mafuta. Lakini kilio cha yule dada kikanikaa kifuani. Nikiondoka, nitamwacha na nini?

Nikazima gari.

Kando ya maegesho kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka kwenye kokoto. Nikashuka kumtafuta. Ngazi ya mwisho kabisa, nikaona kofia.

Nilimshika mkono bila hata salamu. Wa moto. Una jasho.

"Mzee, wewe ni mzima!"

"Amepiga?" akaniuliza.

"Amepiga. Analia."

Akafunika uso. "Basi yupo. Nilidhani amekufa."

Nikakaa chini kando yake.

Akanieleza taratibu. Anaitwa Peng Tien-fu. Alikuwa akiendesha gari siku ajali ilipomuua mkewe. Kwenye mazishi, mwanae wa pekee, Yi-chun, alimwambia mbele ya watu wote: "Bora ungekufa wewe."

"Nikaja hapa, nikavua viatu. Halafu miguu ikakataa. Nikashuka hizi ngazi nikaondoka pekupeku, mpaka Taitung. Nalima matunda ya matopetope kwenye mashamba ya watu."

"Na hukumpigia?"

"Ningemwambia nini? Kwamba hata kufa nimeshindwa?"

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo linanitoa usingizini.

"Kila mwaka siku hii anakuja kunitambikia. Anaweka chakula, anachoma ubani, ananiomba msamaha kwa sauti. Mimi nakuwa nimejificha nyuma ya mabasi, namsikiliza. Leo nimengoja tangu asubuhi. Hajaja."

Mtu mzima, hai, anasikiliza matanga yake mwenyewe. Miaka miwili.

"Hajaja kwa sababu ana mimba," nikamwambia. "Nani angemruhusu mjamzito aje kwenye mizimu?"

Mzee Peng akainuka ghafla.

Nikapiga ile namba. "Dada, usikate. Nimemshika mkono. Ana joto." Nikamwekea mzee simu sikioni.

"Chun," akasema. Basi.

Nikasikia sauti ya Yi-chun simuni: "Mlete."

Yi-chun anaishi Luodong, njiani kwangu.

Tulimkuta amesimama mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. Akamkaribia baba yake, akamgusa shavu kwa kidole kimoja. Halafu akampiga kofi, akambana kifuani papo hapo.

"Vile vyakula nilivyokuwa nakuwekea?" akauliza katikati ya kilio. "Nilijua mbwa wanakula."

"Nilikula mimi," mzee akasema. "Samaki wa mwaka jana chumvi ilizidi."

Yule dada alicheka na kulia kwa pamoja, sijawahi kusikia sauti ile tena.

Kama alimsamehe, sijui. Nilipoondoka alikuwa bado anamfokea, naye ameinamia bakuli la tambi, anakula huku machozi yanadondoka.

Wewe unayesoma: kama kuna neno ulimrushia mtu wako siku ya hasira, lifute leo akiwa anakusikia. Na wewe uliyerushiwa ukaondoka, piga simu. Ukikosa la kusema, sema jina lake tu. Mwenzio huko anakuzika kila mwaka.