Msaidizi wa Ningbo

Sitaki mtu aniambie kwamba Ningbo ni "China tu". Nimegombana na wateja wengi kwa sababu ya maneno hayo. Katika duka la jumla nililofanyia kazi Al Muraqqabat, Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, karibu kila katoni tuliyofungua ilikuwa imeandikwa jina la bandari ilikopakiliwa, na bandari ilikuwa hiyo. Chupa za chai, kufuli, zipu, kalamu, vyote Ningbo. Mteja wa Dar au wa Kampala akisema, "Huu mzigo wa Guangzhou," namsahihisha. Akinijibu kwamba kote ni China, namuuzia, lakini chai simpi.

Mji wenyewe nilikuwa sijauona. Niliusoma kwenye simu, nimelala kitanda cha juu katika chumba tulichobanana wanawake sita. Uko kusini ya Shanghai, ng'ambo ya ghuba, na daraja la kuvuka ghuba hiyo ni refu kiasi kwamba katikati yake huoni nchi kavu mbele wala nyuma. Mito miwili inakutana katikati ya mji, inazaa wa tatu unaokwenda baharini. Hapo kwenye makutano ndipo meli za zamani zilipotia nanga na watu wakatajirika. Vyombo vya udongo vya rangi ya kijani vilipakiwa huko, na vipande vyake vimefukuliwa hadi kwenye pwani yetu. Baadaye Waingereza wakaja na mizinga, wakaulazimisha mji ufungue milango kwa biashara yao. Meli zilipozidi ukubwa, mto ukawa hautoshi, bandari ikasogezwa hadi baharini kwenye kina kirefu, visiwa vikiikinga. Siku hizi kuna viwanda vya nguo, vya chuma, vya mafuta, na vya kila takataka tuliyokuwa tukiiuza. Jina lake maana yake ni mawimbi yaliyotulia.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Bahari nilikuwa naisikia tu.

Nilisoma yote hayo kwa sababu arbab alikuwa akisema atafungua ofisi huko. Arbab ndivyo sote tulivyomwita mwenye duka, mzee ambaye wazazi wake walitoka Unguja zamani, na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kitamu kama cha watu wa Mji Mkongwe. Nilitaka ofisi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka meza, nilitaka mlango wangu wa kufunga, nilitaka siku moja nisiitwe kwa "yalla, leta ngazi".

Basi siku moja baada ya sala ya alasiri akaniita. "Mwanangu, sie tunahamia Ningbo kwa mwaka hivi, mimi na madam. Nnataka msaidizi wa kufuatana naye. Nimekufikiria weye. Khalas?"

"Khalas," nikasema. Sikumuuliza hata neno moja.

Niulize nini? Kwetu ofisini msaidizi ni cheo. Mhasibu ana msaidizi wake, meneja ana msaidizi wake, na msaidizi leo ndiye bosi wa kesho. Nikanunua koti zito la baridi ambalo Dubai huna pa kulivaa. Nikampigia mama, nikamwambia nimepata usaidizi wa ofisi China. Mama akaeneza habari mtaa mzima, na siku chache baadaye binamu ambaye hakuwahi kunitafuta akaniomba nimtafutie pikipiki.

Madam, yaani mke wa arbab, akanialika nyumbani kwao. Nilikwenda nimevaa vizuri, na simu nimeijaza picha za bandari, nikidhani tutazungumza mambo ya huko. Akanikaribisha sebuleni, akaniuliza habari za mama. Kisha akaniuliza, "Wali wa nazi unapikia tui la kopo au unakuna mwenyewe?"

Nikacheka. Nikadhani ni maongezi ya kukaribishana.

"Mzee hali vya mikahawani huko, hajui wametia nini," akaendelea. "Na pweza unaweza? Na kanzu zake, anapenda zipigwe pasi ya mkono."

Jikoni kulikuwa na mwanamke anaosha vyombo, na madam akamwita alete juisi. "Huyu ndiye msaidizi wetu," akamtambulisha kwangu, "lakini yeye ana watoto, hawezi kufuatana na sie." Nikaelewa. Nyumba ile ilikuwa na adabu zake. Neno mtumishi lilikuwa tusi kwao, housigeli ndiyo usiseme. Aliyefua na kudeki alikuwa msaidizi, na walilisema neno hilo kwa upole kabisa. Upole huo ndio ulioniuma zaidi, maana hukuwa na pa kugombana nao.

"Na ofisi?" nikauliza.

Ofisi ilikuwa ya mpwa wa arbab. Kijana alisoma hukohuko, Kichina anakizungumza. Angekuwa mjinga ningepata nafuu, ningewasema hadi leo. Hakuwa mjinga.

"Mimi sijui kupika, madam," nikasema.

Akanitazama vizuri. "Mwanamke mzima?"

"Sijui."

"Haya. Basi tutafutie mtu mzuri, mwaminifu."

Nikawatafutia. Chumbani kwetu kulikuwa na dada Mwislamu wa Masaka, Uganda, mfagiaji wa hoteli moja Al Garhoud. Nilimweleza kazi ni ya jikoni, nikamwambia waziwazi kwamba nimeikataa na kwa nini. Akasema, "Dada, mimi naenda. Kupika si ni kupika tu?" Wali wa nazi alikuwa haujui. Nilimfundisha mwenyewe, kwenye jiko letu la zamu, jinsi tui la kwanza linavyokaa pembeni mpaka mwisho, na pweza asivyotiwa chumvi mapema. Koti nikampa. Lilikuwa linanikera ukutani.

Msiniambie habari za kiburi. Nimeambiwa na mama, inatosha.

Wakaenda Ningbo. Mpwa hakudumu huko, alipata kazi Shanghai. Wakati huo dada wa Masaka alikuwa akienda sokoni kila siku, akibishana na wauza samaki, na kwa kubishana huko akawa anakisema Kichina vizuri kuliko madam alivyotarajia. Arbab akaanza kumtuma viwandani. Waliporudi Dubai, yeye walimwacha Ningbo, ana meza na ana funguo za ofisi.

Mimi niko dukani palepale. Maagizo yananijia kwa simu kutoka kwake, kwa heshima zote: "Dada yangu, kontena imetoka leo. Ikifika fungua kufuli zote uziangalie, mara iliyopita hamkuangalia vizuri."

Namjibu, "Sawa, madam."

Ananitumia alama za kucheka. Anadhani namtania.