Mvuke Uliomtia Papa Ilunga Mashakani

Siku yangu ya kwanza jikoni mwa kiwanda cha bia, nikitoka kubeba makreti, shefu wa upishi alinikabidhi kijiti cha kupimia, kimechorwa alama kwa kisu, kirefu kama mlingoti wa redio. "Kijana, huyu njo mukubwa yako. Akisema, unaandika."

Vijana mnaopika bia nyumbani, sikieni. Maji matamu ya kimea huchemshwa na hubloni, maua yanayotia uchungu. Unazamisha kijiti kabla ya moto, unazamisha tena mwishoni. Tofauti ndiyo iliyokwenda na mvuke. Mvuke ukiwa haba, bia hunuka kabichi. Ukizidi, hupungua na kuwa kali. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio, nikapima hata ndotoni.

Wiki ya pili, maji yale yalipopoa katika tangi la Papa Ilunga, mlinzi wa usiku wa chumba cha baridi, yalipungua alama tatu, kama ndoo nane, kuliko nilivyoandika.

"Nani anakunywa?" shefu akauliza.

Nami, mdomo mbele ya akili: "Mwenye kulala nayo, shefu."

Papa Ilunga aliambiwa kuanzia Jumatatu asirudi kazini. Akanijia taratibu. "Mutoto, mi nakunywa ndoo munane? Na hii tumbo ya kuku?"

Tumbo lile lilininyima usingizi. Ijumaa nilichota sufuria ya maji yanayotokota, nikapima, nikaifunika, nikailinda kama kuku juu ya mayai. Ilipopoa nikapima tena. Yameshuka, na hakuna aliyekunywa! Maji ya moto huvimba. Mimi nilikuwa nikipima mwanzo yakiwa vuguvugu, mwisho yakitokota, na uvimbe ule ukaficha sehemu ya mvuke.

Kusema kulimaanisha kurudi kubeba makreti. Nikaenda, kijiti mkononi.

"Shefu, mi njo nilikosa. Papa Ilunga hakukunywa kitu."

Alikipokea kijiti, kisha akanirudishia. "Papa Ilunga arudi. Na weye, miezi yako mitatu inaanza leo."

Ndipo nikajiandikisha shule ya jioni, nikasome joto ni kitu gani. Nikapima mvuke mpaka kustaafu.

Siku hizi napika lita ishirini juu ya mbabula, jiko letu la makaa, nyumbani Karavia. Papa Ilunga, mzee sana sasa, huja Jumapili. Tunangoja ipoe kabisa ndipo nashika kijiti. Kila mara, kabla sijasoma, huweka mikono yake miwili juu ya magoti, mbali na sufuria, niione.

"Andika," ananiambia. "Andika pia mikono yangu iko wapi."